Shahidi Hewa

Faili la Asumini Njaidi lilinifikia Jumanne asubuhi, na kilichonifanya niweke chini kikombe cha chai ni kisanduku namba tisa. Jina la shahidi: Mungu. Jina la ukoo: Mwenyezi. Makazi: kila mahali. Kazi: Muumba. Namba ya simu: HAKUNA.

Nina miaka ishirini na mbili katika ukaguzi wa Mizani, mashine inayopima ushahidi wa mahakama, hapa Songea. Nimeshaona wafu waliotia saini, mapacha wanaotumia kidole kimoja, na mzee mmoja aliyemleta kasuku wake atoe ushahidi wa matusi. Huyu wa leo alikuwa mgeni kabisa. Nikampigia Oswini Mapunda, karani wa dirisha la pili, kijana mwangalifu anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa.

"Oswini, huyu shahidi umemsajili wewe?"

"Yupi, mama?"

"Mwenyezi."

"Mama, nilimwuliza yule mama shahidi wako nani. Akasema shahidi wangu ni Mungu. Nikamwuliza tena, nikamfafanulia. Akasema ni huyohuyo. Sasa ningeandika nini?"

"Ungeacha wazi."

"Fomu ingerudi, mama. Unajua mwenyewe."

Nilijua. Mizani haipokei kisanduku kitupu, hairuhusu hata kimoja, na karani anayerudishiwa fomu tatu kwa mwezi anaitwa kujieleza. Ndiyo maana somo la kwanza la makarani wetu wote, kutoka Tunduru hadi Nyasa, ni kwamba usipokuwa na jibu andika HAKUNA. Sikuwahi kuuliza desturi hiyo ilianzia wapi. Nilikuwa nimeizoea kama harufu ya ofisi.

Tatizo ni kwamba shahidi yeyote aliyeandikwa lazima apimwe kwanza, ionekane kama ni mtu kweli. Sheria hiyo ililetwa miaka ile majina yasiyo na watu nyuma yake yalipojaa mahakamani. Ikiwa uwezekano wa shahidi kuwepo uko chini ya hamsini katika mia, basi ni shahidi hewa, dai linafutwa, na aliyemleta haruhusiwi kulirudisha tena maishani mwake. Mizani hailali wala haicheki. Iliona jina, ikapima. Chini ya ukurasa ilikuwa imeandika: *Uwezekano wa kuwepo kwa shahidi: 3 katika 100. Inasubiri muhuri wa mkaguzi, mwisho Ijumaa saa nne.*

Mkaguzi ni mimi, Gaudensia Haule. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, kisha nikaacha kwenda kanisani bila ugomvi na mtu. Kwa hiyo ile tatu haikunikasirisha wala haikunifurahisha. Niliitazama tu, na kila nilivyoitazama ndivyo ilivyozidi kunikera kwa namna nyingine. Kwa nini tatu? Kwa nini isiwe moja, au kumi na nane? Nani alikwenda kupima, na alipima nini?

*

Asumini alikuja Jumatano, bado na vumbi la manyoya kwenye kanga. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga, na alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa. Nieleze habari ya mtoto."

Mtoto ni Tulizo, mwenye miaka minane. Mama yake, Editha Luoga, alikufa miaka mitano iliyopita katika wodi ya karantini, wakati wa homa ya mabaka. Asumini na Editha walilazwa chumba kimoja. Kabla ya hapo hawakujuana kabisa, mmoja Mwislamu wa Tunduru, mwingine Mkatoliki wa mjini. Walikaa siku kumi na moja wao wawili, mlango umefungwa, chakula kikipitishwa dirishani. Mmoja alipona. Alipotoka alikwenda kumchukua Tulizo kwa jirani aliyekuwa anamtunza, akamlea. Sasa mjomba wa mtoto, Winfridi Luoga, amefungua dai la kumchukua.

"Editha alikuachia kwa maneno gani?"

"Aliniambia, Tulizo mlee wewe, Mungu ndiye shahidi. Ndivyo alivyosema, dada, kwa hiyo ndivyo nilivyomwambia yule kijana wa dirishani."

Nikamweleza kuhusu ile tatu na shahidi hewa. Nikamshauri tumwondoe Mungu kwenye kisanduku, tuandike HAKUNA. Hapo dai lake la kubaki na mtoto lingekuwa dhaifu, na huenda angeshindwa, lakini angalau asingefungiwa maisha.

Alinitazama kama mtu aliyeombwa amwage maji ya mgonjwa. "Alikuwepo, halafu mimi niandike hakuwepo?"

"Umejuaje alikuwepo?"

Nilidhani atakasirika, lakini alifikiri. Akaniuliza kama nimewahi kumulika yai. Sijawahi. Akaniambia kwamba kazini kwao wanaliweka yai mbele ya taa kuangalia kama kuna kifaranga. "Siku ya tatu ukimulika huoni kitu. Mgeni atasema viza, tupa. Lakini siku ya tatu huwa huoni, hata likiwa zima. Siku ya kumi ukimulika usione kitu, hilo ni viza kweli, tupa bila huruma. Jicho ni lilelile na taa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba siku ya kumi ulipaswa kuona."

Nilifurahi mno. Nimekaa semina za wiki nzima ambazo hazikulisema jambo hilo vizuri namna hiyo.

"Na kwa Mungu, Asumini? Tuko siku ya ngapi?"

"Hilo ndilo nisilolijua," akasema. "Mimi najua mayai."

Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, nisimpoteze mtoto wake. Alisema *mtoto wangu*, akajisahihisha, akasema Tulizo. Nilimwahidi kwamba nitaangalia. Alipotoka nilijilaumu, maana mkaguzi haruhusiwi kuahidi hata hilo.

*

Kazi ya Mizani si uchawi. Kwa kila dalili inauliza maswali mawili: kama jambo hili ni kweli, dalili hii ingetokea kwa kiasi gani? Na kama ni uongo, ingetokea kwa kiasi gani? Ikiwa majibu yanatofautiana, sahani inashuka upande mmoja. Yakilingana, dalili hiyo haina uzito hata kama ina kelele nyingi. Inaanza na uzito wa kuanzia, yaani makisio ya kabla ya kuona chochote, halafu inaongeza na kupunguza dalili moja baada ya nyingine hadi mwisho.

Nikafungua hesabu ya ile tatu. Mizani ilikuwa imekusanya kila faili la nchi nzima lililowahi kutaja kazi ya Mungu: maombi ya mvua, waliopona, waliookoka ajalini, viapo, nadhiri. Faili elfu arobaini na moja. Katika elfu thelathini na tisa, kisanduku cha *Dalili iliyoonekana* kilikuwa na neno moja, HAKUNA. Kila HAKUNA ilihesabiwa kuwa mtu alimulika yai siku ya kumi asione kitu. Moja moja zilikuwa nyepesi, lakini elfu thelathini na tisa zikakandamiza sahani hadi tatu. Elfu mbili zilizobaki zilitaja mambo ambayo yangetokea hata bila Mungu, kwa hiyo hazikuwa na uzito.

Nikachagua mia moja bila kuangalia, nikaanza kuwapigia makarani walioziandika. Siku yote iliyobaki ilipita hivyo.

"Maombi ya mvua, kata yenu, mwaka juzi. Umeandika hakuna. Mvua haikunyesha?"

"Sijui, mama. Nilikuwa nimehamishiwa mjini."

"Huyu mgonjwa wa uti wa mgongo. Hakuna. Daktari alimpima?"

"Daktari alikuwa likizo. Na ile fomu ilikuwa ya siku hiyohiyo."

Kati ya mia moja, waliotafuta kweli walikuwa wanne. Tisini na sita waliandika HAKUNA ili fomu isirudi. Lugha yetu imelibebesha neno hilo mizigo miwili, *nimetafuta sikuona* na *usinisumbue*, na sisi wenyewe hatuchanganyikiwi kwa sababu tunasikia sauti ya anayesema. Mashine ilikuwa inasoma herufi tu. Na hata wale wanne, nilipowauliza walitarajia kuona nini, mmoja alisema sauti, mwingine alisema mwanga, wawili walicheka.

Nikaziondoa zote tisini na sita elfu na ushee... samahani, nimechoka hata ninaposimulia. Nikaondoa kila HAKUNA ya nchi nzima isiyotaja nani alitafuta, nikaiambia Mizani ipime upya. Ikaandika: *Weka uzito wa kuanzia.* Nikaweka hamsini, ikanipa arobaini na tisa. Nikaweka kumi, ikanipa tisa. Nikaweka tisini, ikanipa themanini na tisa. Ilikuwa inanirudishia kile nilichoingia nacho.

Nikamwita Oswini. "Wewe ungeweka ngapi?"

"Mia, mama."

"Mia haipokelewi, wala sifuri. Ukianzia hapo hakuna dalili duniani itakayokusogeza tena, kwa hiyo kupima kunakuwa mchezo."

"Basi tisini na tisa. Ile moja nimewaachia ofisi."

Nilicheka, lakini hakuwa anatania. Akasogea karibu na meza. "Mama, weka sitini. Sitini si nyingi. Yule mama atabaki na mtoto, na nani atakuja kukagua hiyo hesabu? Tena hutakuwa umesema uongo. Utakuwa umekisia."

Huo ndio ulikuwa mtego, na ninakiri uliniita kwa jina. Kuacha ile tatu ipite ni kutia muhuri uongo nilioujua kwa simu nilizopiga. Kuandika sitini ni kutia muhuri uongo mwingine, mtamu zaidi, wa kwangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na namba mbili kichwani, na zote sikuzitaka.

*

Alhamisi akaja Winfridi Luoga, bila kuitwa. Ni fundi wa pampu za maji, mtu mpana mwenye mikono yenye makovu, na alikuwa amevaa nguo safi kama anayekwenda kwenye kipaimara.

"Dada mkaguzi, nimesikia nashinda."

"Nani kakwambia?"

"Mji huu. Nimesikia nashinda kwa sababu mashine imesema Mungu hayupo." Aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi naimba kwaya. Sauti ya nne, ile nzito. Jumapili nitasimamaje pale mbele?"

Nilitamani kucheka na kumhurumia kwa pamoja. Mwenye imani hapa alikuwa anashinda tu ikiwa Mungu ni hewa. Nikamwuliza kama basi anataka niongeze ile namba.

"Hapana. Sikiliza. Hata ukimweka Mungu mia moja, haimsaidii yule mama. Mimi pia nikisimama nikasema Mungu ndiye shahidi wangu kwamba dada hakusema maneno hayo, utafanyaje? Mungu ni yuleyule. Au wake na wangu ni tofauti?"

Niliweka kalamu chini. Alidhani amenikera, akaanza kuomba radhi, kumbe alikuwa amenipa kitu nilichokuwa nakitafuta tangu Jumanne. Shahidi aliyepo kila mahali alikuwepo chumbani ikiwa Editha alimwachia mtoto, na alikuwepo ikiwa hakumwachia. Ikiwa hasemi kitu mahakamani, amenyamaza kwa wote wawili. Maswali mawili ya Mizani yana jibu moja. Tatu, sitini au tisini na tisa, kwa habari ya Tulizo sahani haisogei hata kidogo. Tulikuwa tumetumia siku tatu kupima kisichohusika, kwa sababu kisanduku kilitaka kujazwa.

"Kwa nini unamtaka mtoto sasa?" nikamwuliza. "Miaka mitano imepita."

Alitazama sakafu. "Ni damu ya dada yangu. Na mimi yule mama simjui."

Nikamsindikiza hadi mlangoni.

*

Ijumaa saa tatu na nusu nilifuta ile tatu, nikaacha kisanduku kitupu, nikapiga muhuri chini yake.

Ipo kanuni ya zamani ambayo haijafutwa: mkaguzi akitia muhuri kisanduku kitupu, Mizani inasimama, na shauri linarudi kwa binadamu. Inafuata kanuni nyingine kwamba mkaguzi huyo anaukabidhi muhuri wake siku hiyohiyo, na kazi yake imekwisha. Waliotunga walitaka watu waogope, na kwa miaka thelathini na moja tumeogopa vizuri. Niliandika sababu yangu kwa mkono: *Hatujui, na hatujatafuta. Hata tukijua, haitatuambia habari ya mtoto.* Kisha nikaupeleka muhuri kwa Hakimu Ponera.

Hakimu Ponera alilazimika kutafutiwa joho, nalo lilinuka dawa ya wadudu wa nguo. Alikuwa hajawahi kusikiliza shauri kwa masikio yake. Tangu aajiriwe kazi yake ni kusoma namba kwa sauti. Alikaa, akatazama mbele, Asumini upande huu na Winfridi upande ule, mimi na Oswini kwenye benchi.

"Basi," akasema, "semeni."

Baridi ya Juni ilikuwa inapita chini ya mlango.

"Ndugu Luoga, unakataa kwamba Mungu alikuwepo chumbani?"

"Simkatai Mungu, mheshimiwa. Nimkataeje? Huyu mama ndiye simjui."

"Mwulize basi."

"Nimwulize nini?"

"Unachotaka kujua," akasema hakimu, na nikaona amejishangaa kwa kusema hivyo.

Winfridi alimgeukia Asumini kwa mara ya kwanza. "Dada alisema chochote juu yangu?"

Asumini alinitazama mimi, kisha hakimu. "Ni lazima nijibu, mheshimiwa?"

"Ameuliza."

"Alikuona," Asumini akasema, taratibu. "Getini. Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha. Ulikuwa umevaa koti la kijani, umeshika chupa ya uji. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Ulisimama sana pale. Halafu ukaiweka chupa chini kwenye tope, ukaondoka."

Winfridi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Sikumwambia mtu," akasema. "Hata mke wangu. Nilisema nilizuiwa getini, kumbe niliogopa kuingia."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Kama Editha hakuwa akimfungulia moyo huyu mwanamke, angejuaje yule wa koti la kijani ni nani? Hiyo sasa ndiyo dalili, nilijiambia. Hiyo inashusha sahani.

"Kwa nini hukuandika haya?" hakimu akauliza.

"Fomu haikuyauliza, mheshimiwa. Halafu ni aibu ya mtu. Ningemwandika vipi mtu aibu yake?"

"Alikasirika?" Winfridi akauliza. Sauti yake ya nne ilikuwa imekwisha kabisa.

"Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, huyo ndiye kaka yangu, mwoga lakini kafika. Akamwomba nesi atuletee ile chupa. Ndipo akaniambia, kaka ana watoto watano nyumbani na wote anawaogopea, Tulizo mlee wewe. Mungu ndiye shahidi."

"Ule uji," Winfridi akasema. "Aliunywa?"

Asumini alisita. Niliona anatafuta namna ya kulisema bila kumuumiza, na hakuipata.

"Ulikuwa na chumvi, kaka. Uliweka chumvi badala ya sukari."

Winfridi alitikisa kichwa kuitikia. Alitikisa kwa muda mrefu. "Mke wangu alikuwa safari. Niliupika mwenyewe. Nilikuja kuonja ule uliobaki sufuriani kesho yake, dada ameshakufa. Miaka mitano nimekaa nikijua nilimpelekea chumvi."

"Mimi uji ule ulinishinda," Asumini akasema. "Yeye aliumaliza."

Oswini, pembeni yangu, alikuwa ameacha kuandika. Hakimu Ponera alivua miwani akaifuta kwa joho, akaivaa, akaivua tena. Winfridi alisimama, akavuta shati lake likae vizuri.

"Mtoto abaki kwake, mheshimiwa," akasema. "Ila naomba niwe nakwenda kumwona. Nitaingia ndani."